Neno Moja la Hamlet na Warusi Wanne

Makala haya yalianzia kwenye ubishi wa darasani. Tulikuwa tunasoma Hamlet, tumefika tendo la tatu, pale mwana wa mfalme anapojisemea peke yake juu ya kuishi na kufa. Dada mmoja wa darasa letu, ambaye alikuwa ameanza kujifunza Kirusi kwa sababu zake mwenyewe, akanyoosha mkono na kusema kwamba katika kitabu chake cha Kirusi Hamlet hasemi kuwa dhamiri ndiyo inayotufanya waoga. Anasema ni wazo. Wazo? Tukacheka. Tukamwambia lugha bado hajaishika vizuri, arudi akasome tena. Kesho yake akaja na kitabu kingine, cha mfasiri mwingine, Mrusi vilevile, na humo ilikuwa ni dhamiri. Kicheko kikaishia hapo.

Nikiri mapema, ndugu msomaji: Kirusi mimi nakisoma kwa kubabaisha, herufi moja moja, kamusi pajani. Lakini swala hili halidai ufasaha mkubwa. Linadai kufungua ukurasa uleule katika tafsiri nne, kuweka kidole juu ya neno moja, na kuuliza: kwa nini hili na si lile?

Neno lenyewe kwa Kiingereza ni "conscience". Mwanafunzi wa leo akiliona hana wasiwasi. Anajua ni ile sauti ya ndani inayomsuta mtu akitenda ovu. Ila Kiingereza cha Shakespeare si hiki chetu. Asili ya neno ni Kilatini, ambako maana yake ya msingi ni kujua pamoja: kujua jambo pamoja na mwingine, au kulijua pamoja na nafsi yako mwenyewe, wewe ukiwa shahidi wa mambo yako. Kutoka katika kujua huko zikazaliwa maana mbili. Moja ni ya maadili, yaani dhamiri. Ya pili ni ya akili tu: fahamu, utambuzi, yale mtu anayoyajua na kuyawaza moyoni bila hukumu yoyote juu ya wema na ubaya. Wafaransa mpaka leo hulitumia neno hilohilo moja kwa maana zote mbili na hawaoni tabu. Waingereza walikuja kujipatia neno la pekee kwa ile maana ya fahamu, lakini hilo lilishika mizizi katika karne ya 17, Shakespeare akiwa ameshamaliza kazi yake. Kwa hiyo alipoandika Hamlet, mnamo mwaka 1600 hivi, neno lilikuwa bado limebeba mizigo miwili kichwani, na hadhira yake ilisikia yote miwili kwa pamoja.

Sasa mpe Mrusi neno hilo alifasiri. Yeye anayo maneno mawili. La kwanza ni "sovest", nalo ni dhamiri. La pili ni "soznanie", nalo ni fahamu. Jambo la kuchekesha ni kwamba yote mawili yamejengwa kwa udongo uleule wa Kilatini: kile kipande cha mbele, "so", ni pamoja, na kinachofuata ni kujua. "Sovest" iliingia kwa njia ya kanisa, kwa kufuata neno la Kigiriki lenye umbo hilohilo. Ni neno la Maandiko na la kuungama. "Soznanie" ni neno la vitabuni, la falsafa na baadaye la saikolojia. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja padri, mwingine mwalimu wa chuo. Mfasiri hawezi kuwaalika wote wawili katika nafasi ya neno moja. Lazima achague, na akishachagua, Hamlet wake atakuwa amekwisha pata sura.

Wa kwanza katika wanne wangu ni Nikolai Polevoy. Tafsiri yake ilichezwa Moscow mwaka 1837, Mochalov akiwa Hamlet, na mhakiki Belinsky aliandika juu ya uchezaji ule makala ndefu ambayo bado inasomwa. Polevoy alikuwa mwandishi wa magazeti. Jarida lake lilikuwa limefungwa na serikali ya Tsar mwaka 1834. Hakuwa mtu wa kuogopa kugusa matini: alikata, alifupisha, na mahali pengine alimwongezea Hamlet maneno ya hofu juu ya binadamu ambayo Shakespeare hakuyaandika kabisa, na hayo ndiyo watazamaji wakaondoka nayo. Katika mstari wetu hakuchagua. Aliweka "soznanie", akaliunganisha na "duma", yaani wazo, tena wazo lenye woga, na yote akayafanya kuwa mguno wa kutisha. Kwa jukwaa inanoga. Kwa mtu anayetafuta neno la Shakespeare limekwenda wapi, ni moshi.

Baada ya miaka 7, mwaka 1844, tafsiri ya Andrei Kroneberg ilichapishwa Kharkov. Huyu ndiye wa kitabu cha pili cha yule dada. Kroneberg aliandika "sovest" bila kuzungukazunguka. Karne ya 20 ilipofika, mwaka 1933, Mikhail Lozinsky alitoa tafsiri yake. Lozinsky ni mtu wa nidhamu. Baadaye alifasiri Dante mzima, na katika Hamlet alijiwekea sheria ya kutozidisha wala kupunguza idadi ya mistari. Ungetazamia mtu wa aina hiyo ashike "sovest". La hasha! Aliandika "razdumye", yaani tafakuri, kule kukaa mtu akiwaza na kuwazua. Na mwaka 1940 ikatoka ya Boris Pasternak, mshairi, iliyoagizwa kwanza na Meyerhold kwa ajili ya jukwaa. Meyerhold alikamatwa Juni 1939 na kuuawa Februari 1940, hata hakuiona ikichezwa. Pasternak akaandika "mysl". Wazo. Ndilo lile tulilolicheka.

Tuwe waadilifu kwa hao wawili wa mwisho. Hawakukosa kamusi. Kwanza, mistari miwili tu mbele ya neno letu Shakespeare mwenyewe anataja wazo, ambalo linaififisha rangi ya nia ya mtu mpaka ikawa kama sura ya mgonjwa. Anayesema "conscience" maana yake hapa ni fikira ana ushahidi jirani kabisa. Pili, kuna mizani. Kirusi ni lugha ya maneno marefu, na mstari wa Shakespeare ni mfupi. "Mysl" ni silabi moja. Pasternak ameiweka mwisho kabisa wa mstari, na msemaji akifika pale sauti inakatika kama mlango uliofungwa. Mshairi hawezi kuidharau zawadi kama hiyo.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo haimo katika kamusi wala katika mizani. Kati ya Kroneberg na Lozinsky, Urusi ilikuwa imejitengenezea Hamlet wake. Turgenev aliandika mwaka 1849 hadithi ya Hamlet wa wilaya moja ya mashambani, bwana aliyesoma mpaka akawa hafai kitu. Na mwaka 1860 akatoa mhadhara akimlinganisha Hamlet na Don Quixote, mmoja akiwa mtu wa kujichambua asiyetenda, mwingine mtu wa kutenda bila kujichambua. Wajerumani walikuwa wamekwisha sema mambo ya namna hiyo kabla yake. Basi kijana wa Kirusi alipofungua kitabu, alikuwa anajua tayari anakwenda kukutana na nani: mtu aliyeuawa na kufikiri kwake. Mfasiri hufanya kazi katikati ya watu, na masikio yake yamejaa sauti zao. Nadhani Lozinsky, pamoja na nidhamu yake yote, alisikia "tafakuri" kwa sababu miaka 80 ya uhakiki ilikuwa inamnong'oneza.

Mimi naona Kroneberg, ambaye siku hizi watu wachache wanamtaja, ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Nina sababu mbili kutoka kwa Shakespeare mwenyewe na moja kutoka katika tamthilia nzima.

Ya kwanza ni Richard wa Tatu, tamthilia ya miaka ya mwanzo ya 1590. Wauaji wawili wametumwa kumwua Clarence gerezani. Mmoja anaingiwa na jambo, anasitasita, na anaanza kulilaumu neno hilihili, "conscience", kwamba linamfanya mtu awe mwoga: hawezi kuiba, hawezi kuapa uongo, hawezi kulala na mke wa jirani bila kusutwa. Akiulizwa dhamiri yake iko wapi sasa, anajibu kwamba imo ndani ya mfuko wa fedha wa yule bwana aliyewatuma. Na mwisho wa tamthilia Richard mwenyewe, usiku wa kuamkia vita, anaitukana dhamiri yake kuwa ni mwoga. Hapo hakuna mahali pa kuingiza "fikira". Kumbe kuunganisha woga na dhamiri ulikuwa msemo Shakespeare aliokuwa nao mfukoni kabla Hamlet hajazaliwa.

Ya pili ni lile chapa la kwanza la Hamlet, la mwaka 1603, ambalo lilipotea machoni pa watu na kupatikana tena mwaka 1823. Wataalamu wengi hulidharau, kwani lina vipande vilivyoharibika, na wapo wanaoamini kwamba lilitolewa kwa kukumbuka tu yaliyosemwa jukwaani. Sawa. Lakini tazama jinsi hotuba yetu ilivyo humo: mtu anaamka kutoka katika ndoto ya kifo na kupelekwa mbele ya Hakimu wa milele. Na ile mistari ya wazo na rangi iliyofifia haimo. Neno "conscience" limo. Kama kweli hayo ni makumbusho ya mtu aliyeisikia tamthilia, basi alichokisikia yeye ni habari za hukumu. Hakusikia mwanafalsafa mwenye mawazo mengi.

Sasa nije kwenye tamthilia nzima, na hapa naomba subira ya msomaji kwa sababu ndipo penye kiini cha ubishi wetu. Neno hili halisemwi mara moja katika Hamlet. Linazunguka. Mwisho wa tendo la pili Hamlet anapanga kumtega mfalme kwa mchezo wa jukwaani, na kitu anachotaka kukinasa ni "conscience" ya mfalme. Tendo la tatu linapofunguka, Polonius anamwambia binti yake Ophelia ashike kitabu cha sala ili aonekane mcha Mungu, na Claudius, mfalme muuaji, anajisemea kando kwamba maneno hayo yameichapa "conscience" yake kama mjeledi. Anajificha. Hamlet anaingia. Na katika hotuba ileile tunayoizungumzia, Hamlet anatamka neno lilelile ambalo adui yake ametoka kulitamka dakika mbili zilizopita, mahali palepale pa jukwaa.

Hii si bahati. Watazamaji wa London walilisikia neno likiruka kutoka kinywa cha muuaji hadi kinywa cha mlipa kisasi. Wote wawili linawazuia. Mmoja linamzuia kustarehe katika dhambi aliyokwisha itenda, mwingine linamzuia kutenda.

Linaendelea. Tendo la nne, Laertes anarudi na hasira ya baba yake aliyeuawa, na jambo la kwanza ni kuitupa dhamiri motoni. Yeye hataki kuwa mwoga. Claudius anamvuta upande na kuiomba dhamiri hiyohiyo imtie muhuri kuwa hana hatia. Tendo la tano, Hamlet anawazungumzia wale wenzake wa shule, Rosencrantz na Guildenstern, aliowapeleka kwenye kifo, na anasema hawaigusi dhamiri yake. Halafu anamwuliza Horatio: je, si dhamiri yenyewe inayomruhusu sasa kumwua mfalme huyu? Na Laertes, upanga wenye sumu mkononi, ananong'ona kwamba anachotaka kufanya karibu kinapingana na dhamiri yake. Karibu tu! Anachoma.

Je, umeona neno lilivyosafiri? Katika tendo la tatu dhamiri inamfunga Hamlet mikono. Katika tendo la tano dhamiri hiyohiyo inamwamuru apige. Hiyo ndiyo safari ya mhusika, tena iko ndani ya neno moja. Msomaji wa Lozinsky anaanza vizuri: mfalme anategewa kitanzi cha kunasa "sovest" yake, halafu ananung'unika kwamba "sovest" yake imechapwa; kisha anaingia Hamlet na kusema juu ya tafakuri. Uzi umekatwa katikati. Kwa Pasternak umekatwa zaidi, kwa sababu katika matini yake iliyozoeleka mfalme anapochapwa na maneno ya Polonius ule mkanda umebaki, lakini "sovest" haipo. Mfalme ana maumivu, Hamlet ana mawazo, na hakuna kinachowaunganisha. Hata mfasiri akiirudisha "sovest" baadaye, inakuja kama mgeni ambaye hatukumwona akiingia mlangoni.

Wapo watakaosema: ile ilikuwa Urusi ya Stalin, neno la kanisa lilikuwa hatari, Pasternak alikwepa. Hoja hiyo inavutia masikio lakini haisimami. Pasternak huyohuyo, katika tendo la pili, pale pa mtego, ameandika "sovest" ya mfalme waziwazi, na Lozinsky vilevile. Neno halikuwa limepigwa marufuku. Alilichagua pale na kuliacha hapa, kwa hiyo tumhesabie kuwa ni uamuzi wake. Na ajabu ni kwamba Pasternak hakuamini hata kidogo kuwa Hamlet ni mtu dhaifu. Katika maelezo yake juu ya kumfasiri Shakespeare alikataa kwamba hii ni tamthilia ya mtu asiye na msimamo. Kwake ni tamthilia ya wajibu na kujinyima nafsi. Sasa mtu wa wajibu anafanywa mwoga na nini, kama si dhamiri? Mfasiri na mhakiki ndani ya Pasternak hawakukaa meza moja siku ile.

Hata hivyo chaguo lake lilizaa matunda ambayo siwezi kuyakana. Kozintsev alipotengeneza filamu yake ya Hamlet mwaka 1964 alitumia tafsiri ya Pasternak, na hotuba yetu hakuifanya hotuba. Smoktunovsky anatembea ufukweni kati ya mawe, midomo imefumba, na sauti tunaisikia kutoka ndani ya kichwa chake. Ni wazo likitembea. Ukiwa na "mysl" mkononi, huo ndio uchezaji unaofaa. Ukiwa na "sovest" nadhani ungehitaji kinywa, kwa kuwa anayesutwa hujibu.

Kwa nini nayahangaikia haya yote, na mimi si Mrusi? Kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliandika katika insha kwamba kasoro ya Hamlet ni kufikiri mno. Nilipata alama nzuri. Wenzangu wengi waliandika hivyohivyo, na nadhani hata mwaka huu wapo watakaoandika. Sikuipata hoja ile katika matini ya Kiingereza niliyokuwa nayo. Niliipata katika vijitabu vya maelezo, ambavyo vimeitoa kwa wahakiki, ambao wameitoa kwa Wajerumani na kwa Turgenev. Nilikuwa nasoma "conscience" kwa macho, na kichwani naisikia "mysl", bila kujua hata herufi moja ya Kirusi. Yule dada tuliyemcheka ndiye aliyenionyesha hilo, na hakuwa na haja ya nadharia yoyote. Alikuwa na vitabu viwili tu.

Basi tukajaribu wenyewe. Kwa Kiswahili utaweka nini? Mmoja akasema moyo. Moyo unasuta, moyo unajua, kwa hiyo umebeba mizigo yote miwili kama neno la Shakespeare. Lakini moyo kwetu ni ujasiri pia. Mtu hupiga moyo konde, na mwoga ndiye asiye na moyo. Ukisema moyo ndio unaotufanya waoga, hadhira itadhani mchezaji amekosea maneno. Mwingine akataka nafsi, kwa kuwa nafsi humsuta mwenyewe. Nafsi ni pana mno, mstari ukawa hauna makali. Fahamu ilikataliwa haraka: mtu akipoteza fahamu amezimia.

Tukarudi kwenye dhamiri, na hapo nikaona kitu ambacho Warusi wanne hawakuwa nacho. Neno letu tumelitoa Kiarabu, ambako maana yake inahusu kilichofichika ndani ya mtu. Lakini sisi kutoka katika mzizi huohuo tumepata pia kudhamiria, yaani kutia nia, kuazimia kutenda. Na mistari ile ya Hamlet inahusu nini kama si nia inayofifia? Mswahili anaweza kusema kwamba dhamiri ndiyo inayoua kile tulichokidhamiria, na sikio likasikia neno moja likijipinga lenyewe. Shakespeare hakuandika hivyo. Ila kile Kirusi kilichomlazimisha mfasiri akigawe, hapa kinaweza kubaki pamoja kwa njia nyingine.

Yule dada hajakubali. Anasema hiyo ni chenga ya maneno, kwamba mtazamaji kwenye kiti hatapata nafasi ya kufikiri juu ya mizizi ya Kiarabu, na kwamba Pasternak angalau alimpa mchezaji kitu cha kutamka. Juzi ameniletea tafsiri ya tano.